Sikio Kwanza, Ubao Baadaye: Darasa la Awali na Mtoto Anayejifunza Kusoma

Walimu wenzangu, wazazi na maofisa elimu, nianze na matokeo mawili ya Marekani yanayopingana. Mwaka 1972 jimboni North Carolina ulianza mradi wa Abecedarian. Watoto 111, wengi wa familia maskini, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja likatunzwa kituoni kutwa nzima, tangu uchanga hadi miaka 5, na mazungumzo kati ya mlezi na mtoto yakawa kiini cha kazi. Walipofikisha miaka 21 bado walisoma vizuri kuliko wenzao. Huko Tennessee nako, karibu watoto 3,000 walifuatiliwa kuhusiana na darasa la awali la serikali ya jimbo. Mwanzoni waliosoma awali waliongoza. Ripoti ya 2022 ikaonyesha kwamba kufikia darasa la sita walikuwa nyuma ya wale ambao hawakupata nafasi.

Basi kusema "tuna darasa la awali" hakutoshi. Tuulizane linafanya nini, na mtoto anapokelewaje akitoka humo.

Kwetu Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitaka kila mtoto apate angalau mwaka mmoja wa awali. Elimu bila ada ilipoanza 2016, watoto walifurika. Kiwango rasmi ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na najua wengi mliopo hapa mnafundisha zaidi ya hao, kwa hiyo nitashikilia yanayowezekana hata darasa likijaa.

Mwaka 1986 watafiti Gough na Tunmer waliandika kwamba kusoma ni zao la mambo mawili: kufumbua maandishi, yaani kugeuza herufi kuwa sauti na maneno, na kuelewa lugha inayosemwa. Zao, maana yake tunazidisha. Jambo moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kwenye kufumbua, Kiswahili kinatubeba sana: irabu tano tu, tahajia inayofuata matamshi, silabi nyingi zinazoishia na irabu. Hatari inatokea hapo hapo. Mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima asijue umesema nini, nasi tukampigia makofi.

Kazi ya kwanza ni ya sikio. Tengeni dakika 15 kila siku, bila kitabu wala chaki. Wiki za mwanzo watoto wapige kofi kwa kila neno: "Baba amekwenda sokoni", makofi matatu. Wakishazoea, wahamie kwenye silabi: ka-ka, me-za, kisha ki-to-to. Baadaye waondoe silabi: sema "meza", sasa iseme bila "me". Mwisho kabisa ndipo waulizwe sauti ya kwanza ya neno, maana hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtoto wa miaka 5. Ukiirukia mwanzoni utaona watoto wanabahatisha, ukadhani hawana uwezo.

Angalieni sana maneno yanayoanza na m na n. "Mtoto" ni makofi matatu: m-to-to. "Mbwa" ni mawili, m-bwa, na "nchi" ni mawili, n-chi. Lakini "mbuzi" ni mawili tu, mbu-zi, na "ndizi" vivyo hivyo. Mwalimu akipiga "mto-to", mtoto haisikii m ikisimama peke yake; akianza kuandika utaona "toto" au "mutoto", na kosa hilo alilibeba kutoka kwenye makofi.

Ndipo herufi zije. Simpingi mtu anayetumia chati ya ba be bi bo bu; inaendana na muundo wa lugha yetu. Tatizo ni kuiimba. Darasa zima linaimba kwa mpangilio, na wengi wamekariri wimbo. Kipimo ni chepesi: onyesha "bo" peke yake, kisha "bi", kisha rudi "ba". Asiyeweza hajaijua silabi hata kama anaimba vizuri kuliko wote. Andikeni silabi kwenye vifuniko vya chupa za soda, kila kikundi kiwe na 20, watoto waunganishe maneno wenyewe. Na b isifundishwe wiki moja na d; acheni wiki kadhaa katikati.

Wazazi, hili ni lenu zaidi. Chekechea nyingi zinaanza na "ei, bii, sii", na mzazi anafurahi. Sasa herufi e mtoto anaiita "ii", ambayo kwa Kiswahili ni sauti ya i, na herufi a anaiita "ei". Akikutana na "meza" anasoma "miza". Kama shule itafundisha Kiingereza, sawa, lakini sauti za Kiswahili zitulie kwanza.

Upande wa pili wa lile zao, kuelewa lugha, unajengwa kwa kusomewa. Kitabu kimoja, siku tatu. Siku ya kwanza soma hadithi yote bila kuikatakata. Ya pili simama na kuuliza: kwa nini sungura alijificha? Unadhani atafanya nini? Siku ya tatu watoto wasimulie, wewe ukifungua kurasa. Keti na watoto 8 hadi 10 wanaoweza kuona picha, wengine wakiwa kwenye kona zao, kisha badilishaneni. Ukisomea watoto 70 kwa mkupuo, wa nyuma wanasikia kelele tu. Mtoto anayezungumza Kisukuma au Kimakonde nyumbani mruhusuni ajibu kwa lugha yake; mwenye kuielewa amrudishie jibu lile lile kwa sentensi kamili ya Kiswahili. Akinyamazishwa, anakosa msamiati tunaodai kumpa.

Msiwe na haraka na kasi ya kusoma. Neno kama "hawakutuletea" lina silabi saba na ni sentensi nzima. Ndiyo maana Kenya iliweka kipimo cha msomaji fasaha kuwa maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili, wakati kwa Kiingereza ni 65.

Limebaki la kupokezana. Mafanikio ya awali huyeyuka mwalimu wa darasa la kwanza anapowaanzishia wote irabu upya, wanaojua wakachoka na wasiojua wakapitwa. Mwalimu wa awali amkabidhi mwenzake karatasi moja kwa kila mtoto, ikionyesha anachojua tayari. Wiki ya kwanza huyu naye ahakikishe mwenyewe: mtoto apige silabi za maneno 5, ataje sauti za herufi 10 zisizofuatana, asimulie hadithi fupi aliyosomewa. Ni dakika chache kwa mtoto mmoja. Kwa darasa kubwa, watoto kumi kwa siku, na kufikia wiki ya pili atajua nani aanzie wapi.