Kila Chuo Kikuu Kiwe na Msitu Wake

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi na wageni wetu,

Tukiulizwa vyuo vikuu vitasaidiaje misitu, wengi hukimbilia siku ya kupanda miti. Ni jambo jema, lakini mche usiomwagiliwa wala kupaliliwa hauvuki kiangazi. Tena pako mahali ambapo hata kupanda ni kuharibu: mbuga ya nyasi si msitu uliokufa. Ina mimea na wanyama wake wanaotaka jua, na miti iliyosongamana huwafukuza.

Mimi naomba jambo gumu zaidi. Kila chuo kishike kipande cha ardhi ya asili, hata kiwe kidogo, kikitunze na kukipima bila kukatiza, vizazi na vizazi. Fedha za mradi huisha baada ya miaka michache, mti ukiwa bado mchanga. Chuo hubaki.

Tazameni bonde la Hubbard Brook, New Hampshire, Marekani. Mwaka 1963 Gene Likens na Herbert Bormann, wakiwa Chuo cha Dartmouth, walianza na wenzao kupima kilichomo katika mvua inayoingia bondeni na katika maji ya vijito yanayotoka. Hawakwenda kutafuta mvua ya tindikali, yaani mvua iliyotiwa asidi na moshi wa viwanda na magari; waliikuta. Wakaendelea kupima mwaka baada ya mwaka, na takwimu zao zikawa sehemu ya ushahidi uliotangulia marekebisho ya sheria ya hewa safi ya Marekani mwaka 1990. Ni miaka 27! Tasnifu gani moja ingefika huko? Kazi ile ilihitaji watafiti wapokezane, na vipimo visibadilike kiholela.

Sasa, wanaoishi kando ya msitu. Hao ndio hutuonyesha njia na kututajia miti kwa majina, kisha tasnifu inakwenda kukaa rafuni na wao hawasikii tena habari yake. Jambo hili linaniuma. Mwanafunzi asihitimu kabla hajarudi kuwaeleza matokeo kwa lugha yao na kujibu maswali yao.

Na miongoni mwao wapo wanaofaa kuajiriwa kwa kudumu: wapima miti, watunza vielelezo vya mimea iliyokaushwa, wasoma vipimo vya mvua. Kazi hizi ndizo hukatwa kwanza fedha zikipungua. Ninaloomba kwa uongozi wa vyuo ni kwamba bajeti ijayo ianze na mishahara yao.