"Leo niwawekee wapi?"

ZUHURA: Sefu, leo salamu fupi tu, nimekuja na donge.

SEFU: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu. Dada Zuhura kaja na donge, mimi nimekuja na karatasi. Wiki iliyopita tuliwaahidi mambo 5 ya kuangalia kabla mtu hajanunua nyumba ya mirathi hapa Tanga mjini. Nimeyaandika yote.

ZUHURA: Karatasi iweke hapo mezani, tutaifikia. Jumanne alfajiri nimetoka kufagia uwanja, nasikia nyundo. Ta, ta, ta. Nachungulia, vijana watatu wanavunja baraza ya jirani.

SEFU: Ile nyumba ya kona iliyoezuliwa bati?

ZUHURA: Hiyo hiyo. Bati walipoezua sikusema kitu. Wenyewe walishahamia Duga siku nyingi, nyumba ilikuwa ya popo. Lakini baraza, Sefu! Yao na yetu zimepakana. Mtu akikaa mwisho wa yetu, goti lake liko kwao. Hapo ndipo nilipojifunzia kusoma, bibi yangu anachambua mchele, mimi nasoma magazeti ya kufungia vitumbua.

SEFU: Pole, dada yangu.

ZUHURA: Bado sijafika penyewe. Baada ya Alasiri kaja muuza kahawa. Unamjua, yule anayeanzia kule sokoni, vikombe vyake unavisikia kabla hujamwona. Miaka yote dele lake la kahawa analiweka mwisho wa baraza ya jirani, kwa sababu saa hizo kivuli kinaangukia pale. Kaja, kakuta lundo la kokoto. Kasimama, mkono mmoja dele, mkono mmoja vikombe, kawatazama wazee, kasema, "Leo niwawekee wapi?"

SEFU: (anacheka) Wakamjibu nini?

ZUHURA: Hakuna aliyejibu. Wazee wanne wamesimama kama wanangoja daladala ya Pongwe.

SEFU: Lakini kahawa mlikunywa.

ZUHURA: Tulikunywa wima. Kahawa ya wima ina ladha gani? Mtu anakunywa huku anatazama njia. Hata kashata hazikuisha siku ile.

SEFU: Haya, kinachojengwa nini?

ZUHURA: Ghorofa 3. Chini fremu 6, juu vyumba vya kupanga.

SEFU: Basi muuza kahawa atakaa mbele ya fremu.

ZUHURA: Mwenye fremu atamwachia? Akifungua duka tu, ndoo, mabeseni na mafeni yote yako nje mpaka kwenye mtaro. Wewe umeona fremu gani ina mahali pa mtu kukaa bila kununua?

SEFU: Zipo zenye benchi.

ZUHURA: Benchi la wateja hilo. Baraza haikuulizi umekuja kununua nini.

SEFU: Kweli. Nami nataka niseme kitu kama fundi, maana wasikilizaji wananijua, kazi yangu nyaya, kila wiki niko saiti. Mwenye kiwanja huku kwenu Ngamiani anahesabu kila hatua. Viwanja vyenyewe vidogo, vimepangwa kwa mistari, barabara ya ngapi, barabara ya ngapi, hakuna pa kujitanulia. Akiacha mita moja mbele kwa ajili ya baraza, fremu zinapungua kina. Fremu ikipungua kina, kodi inapungua. Hajachukia wazee, anapiga hesabu.

ZUHURA: Na aliyejenga mwanzo hakupiga hesabu? Nyumba ya Kiswahili ile ni hesabu tupu! Vyumba 6, vitatu huku vitatu huku, korido katikati imenyooka toka mlango wa mbele mpaka uani. Kusi ikivuma upepo unapita kama mgeni mwenye haraka. Mbele baraza. Mgeni mwanamume akija, ndani kuna wanawake, anapokelewa barazani, hakuna aliyevunjiwa heshima. Mgonjwa anaota jua hapo. Msiba ukitokea watu wanakaa hapo. Mama wa mihogo ya kukaanga anategemea hapo. Mwenye nyumba alitoa sehemu ya kiwanja chake akawapa wapita njia, na hakuna aliyemlazimisha.

SEFU: Nakubali. Lakini muuza kahawa...

ZUHURA: Ehe, na muuza kahawa!

SEFU: Tumpitishe mji mzima basi, tuone anakaa wapi. Raskazone?

ZUHURA: Raskazone kuta ndefu na mageti. Hapiti kabisa, atamwuzia nani, mbwa?

SEFU: Chumbageni?

ZUHURA: Chumbageni kwenye nyumba za zamani bado atapata. Kwenye hizi za vioo atasimama juani, mlinzi atamwambia sogea.

SEFU: Sahare?

ZUHURA: Sahare akae chini ya mti na wavuvi, hao hawana neno.

SEFU: Bandarini?

ZUHURA: Bandarini usiniambie! Hapo ndipo nilipotaka kufika. Serikali imeweka bilioni 429 bandari ya Tanga. Zamani meli zilikuwa zinatia nanga nje huko, mzigo unaletwa kwa matishari, sisi tunaziangalia kwa mbali. Wamechimba mpaka kina cha mita 13, wamejenga gati ya mita 450, meli inakuja inakaa. Meli imepewa baraza ya mita 450, Sefu! Muuza kahawa hana hata mita 1!

SEFU: (anacheka sana) Ngoja ninywe maji. Baraza ya meli!

ZUHURA: Mimi nimefurahi bandari kujengwa. Mdogo wangu kapata kibarua pale. Lakini nami nataka gati yangu.

SEFU: Sasa unaona mambo yanavyoshikana. Bandari hiyo, na kule Chongoleani bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia kwetu. Watu wanakuja, wanataka pa kulala, wanataka maduka. Ndiyo maana madalali wanapiga hodi Ngamiani kila siku.

ZUHURA: Kwetu wamekuja mara tatu mwezi huu.

SEFU: Hebu nikuulize kabla hatujaenda mbali. Pale kwa jirani wameweka bango?

ZUHURA: Bango la nini?

SEFU: La mradi. Linatakiwa kuonyesha mwenye jengo ni nani, mkandarasi nani, mshauri nani.

ZUHURA: Hakuna bango. Kuna turubai na redio.

SEFU: Hapo sasa donge lako linakuwa langu. Msingi wameanza?

ZUHURA: Wanachimba upande wetu. Shimo linanifika kifuani, na kutoka ukutani kwetu unaweza kuweka hatua mbili, labda na nusu.

SEFU: Zuhura! Ukuta wenu wa fito na udongo, na masika hii. Ardhi ya pembeni ikilegea ukuta unafuata. Sisahau Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, lile jengo la ghorofa 4. Zaidi ya watu 20 walifariki. Lilikuwa limesimama miaka, maduka yanauza. Kesho nenda ofisi ya mtaa, ulizia kibali cha ujenzi na uulize nani kakagua shimo. Msingi unakaguliwa kabla ya zege. Zege likishamwagwa utakagua nini?

ZUHURA: Nilienda Jumatano, ofisi moja hivi, sitaitaja. Nikaambiwa mhusika yuko saiti. Nikaenda saiti, nikaambiwa mhusika yuko ofisini.

SEFU: Rudi kwa maandishi. Na picha za shimo, zenye futi ndani yake ili kina kionekane. Mimi Ijumaa nitakuja kupima mwenyewe.

ZUHURA: Nashukuru, kaka yangu. Sasa nikwambie la nyumbani. Huyo dalali wa tatu kaja na bei. Sitaitaja hewani, lakini ni bei ya kumfanya mtu akae chini.

SEFU: Mpaka apate pa kukaa.

ZUHURA: (anacheka) Usinichekeshe, hili zito. Tuko warithi 14. Wengine wako Dar, mmoja Muscat. Jumamosi kikao. Wengi wanataka kuuza. Mimi sitaki.

SEFU: Mimi ningeuza.

ZUHURA: Najua ungeuza.

SEFU: Usiniambie najua, nisikilize. Nyumba yenu boriti zimeliwa na mchwa. Mwaka jana nilipanda darini kuvuta waya, nikashuka kabla sijamaliza, uliniona. Kila masika mnaweka sufuria korido nzima. Wapangaji wenu wanalipa kidogo, na kidogo hicho kinaishia kwenye kurudishia udongo. Warithi 14 hamtachanga kuijenga upya, hamjachanga miaka 9. Itakaa hivyo mpaka ianguke yenyewe, na ikianguka usiku itamwangukia mtu.

ZUHURA: Boma la Wajerumani lilikuwa gofu. Likatengenezwa, leo ni makumbusho, wanafunzi wanaingia, watalii wanaingia. Kumbe nyumba mbovu hutengenezwa.

SEFU: Boma lina picha ukutani. Kwenu wanalala watoto.

ZUHURA: Kwa hiyo dawa ni kumpa mtu atakayejenga ukuta mpaka kwenye mtaro?

SEFU: Dawa ni watoto walale pakavu. Mama yangu aliangukiwa na ukuta, Zuhura. Saa 8 usiku. Si kitanda chake, chumba cha pili, lakini vumbi lilimkuta kitandani. Tuliuza mwezi uliofuata. Leo yuko Mikanjuni, vyumba viwili, tofali za saruji, lenta ya nondo, choo ndani. Mvua ikinyesha anageuka upande wa pili analala. Mimi hicho sikibadilishi kwa baraza yoyote.

ZUHURA: Na jioni anaongea na nani?

SEFU: ...

ZUHURA: Nakuuliza kwa sababu nampenda. Alikuwa anakaa pale barabara ya 9, kila anayepita lazima amwamkie. Nilipokwenda kwake Idi alinishika mkono saa nzima.

SEFU: Ana televisheni. Wajukuu wanakuja Jumapili.

ZUHURA: Sijasema umekosea.

SEFU: Umesema.

ZUHURA: Nimesema mimi nisingeuza.

SEFU: Ni kitu kilekile, dada. Ukisema usingeuza, maana yake mimi nimemtoa mama yangu kwa watu. Nami nikisema uza, maana yake wewe unalaza watoto chini ya boriti mbovu. Tusizunguke.

ZUHURA: Basi tusizunguke. Sisaini.

SEFU: Na mimi nasema usaini.

ZUHURA: Haya.

SEFU: Haya.

(kimya)

ZUHURA: Ila kitu kimoja, na hiki nakisema kwa wote mnaojenga, Ngamiani, Makorora, Mabawa, popote. Jenga ghorofa zako. Sikuzuii, na kaka yangu hapa atakufungia umeme. Lakini huku chini acha hatua moja. Imwagie zege, ipige niru nyekundu, iinue mpaka usawa wa goti. Fremu zako zitapungua kina kidogo. Mteja atakaa, atapumzika, ataingia dukani.

SEFU: Hilo hata mimi nalisema saiti. Juzi nilimwambia bosi mmoja, akaniuliza ramani inasemaje. Ramani haisemi.

ZUHURA: Waliochora wameleta ramani ya mji mwingine.

SEFU: Lakini tusiwalaumu wachoraji tu. Mteja ndiye anayesema "nitolee fremu 6". Ukimwambia 5 na baraza, anatafuta mchoraji mwingine.

ZUHURA: Basi jiji liseme. Tumekuwa jiji tangu 2005, jiji lina mdomo. Kwenye kibali waandike, ukijenga mbele ya barabara ya mtaa, acha pa kukaa.

SEFU: Na nani atakwenda kukagua? Yule aliyeko saiti au yule aliyeko ofisini?

ZUHURA: (anacheka) Sefu, usinirudishie maneno yangu.

SEFU: Haya, muda. Naona dakika 4 zimebaki kabla ya Magharibi, na msikiti hapa nyuma hautungoji. Niisome karatasi?

ZUHURA: Soma, soma haraka.

SEFU: La kwanza. Hakikisha anayekuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa tu wa marehemu, hata akiwa na funguo na picha ya baba ukutani. Omba barua ya uteuzi, nenda nayo mahakamani iliyoitoa. La pili...

ZUHURA: Hapohapo kwanza. Kwetu msimamizi ni mjomba, na mjomba anataka kuuza.

SEFU: Msimamizi anawasimamia warithi, nyumba si yake. Wasiporidhika wanarudi mahakamani. Lakini hiyo ilikuwa la tatu, umeniruka.

ZUHURA: Kumbe ninaweza kurudi mahakamani?

SEFU: Zuhura, mimi sikukupa silaha, nasoma karatasi.

ZUHURA: Nimeshaisikia.

(adhana)

SEFU: Haya, hayo manne yaliyobaki yatangoja. Wasikilizaji mtusamehe, mliahidiwa 5 mmepata moja na robo. Tupigieni mtuambie, mtaani kwenu muuza kahawa anakaa wapi?

ZUHURA: Na Jumamosi utakuja kikaoni? Mjomba anakuheshimu.

SEFU: Nitakuja. Ila nikiulizwa nitasema ninachoamini, si unachotaka.

ZUHURA: Sema tu. Saa 10 alasiri, barazani. Na uje na kiti, warithi 14, baraza yetu inakaa wanane.