Waamue Bila Kujua Mwisho: Igizo Dhima katika Kufundisha Historia ya Kimataifa

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wawezeshaji, na wazazi mliopata nafasi ya kufika, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie programu za majira ya joto ambamo vijana wa miaka 14 hadi 18 hujifunza historia ya kimataifa kwa kushika nafasi za watu waliokuwepo: mabalozi, mawaziri, majenerali, waandishi wa habari. Nitoe msimamo wangu mapema, ili anayetaka kunipinga aanze kujiandaa. Igizo dhima halipo kwa ajili ya kuichangamsha historia. Kama uchangamfu ndio mnaoutafuta, ipo michezo mingi isiyohitaji maandalizi ya miezi. Kazi yake ni kumnyang'anya kijana faida ya kujua mwisho.

Wahenga walisema ningalijua huja nyuma, na somo la historia darasani mara nyingi ni ningalijua tupu. Kijana anafungua kitabu akiwa tayari anajua kwamba Vita ya Kwanza ya Dunia ilianza mwaka 1914. Kwa hiyo kila waziri wa Julai ile anamwona mpumbavu. Austria-Hungaria iliipelekea Serbia masharti yake tarehe 23 Julai na kuipa saa 48 za kujibu. Kufikia tarehe 4 Agosti Uingereza ilikuwa imeingia vitani. Kitabuni hizo ni kurasa tatu. "Kwani hawakuona?" mwanafunzi anauliza. Hawakuona, na mwalimu anaweza kulieleza hilo kwa saa nzima lisimwingie, mpaka siku atakapokaa yeye mwenyewe kwenye meza ile akashindwa kuona.

Nichukue mfano mmoja niukalie: mgogoro wa makombora ya Cuba, Oktoba 1962, Marekani ilipogundua kwamba Umoja wa Kisovieti unaweka makombora ya nyuklia kisiwani humo. Naupenda kwa sababu mbili. Ulikuwa wa siku 13, kwa hiyo unatosha katika wiki moja ya programu ya likizo, ambako hakuna kengele ya kipindi cha hisabati. Pia nyaraka zake zipo. Rais Kennedy alikuwa akirekodi vikao vyake kwa siri, na leo yeyote anaweza kusoma yaliyosemwa chumbani mle.

Sasa, kila kijana anapewa kadi ya dhima. Waandaaji wengi huijaza kadi hiyo wasifu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alipenda nini. Hayo hayana kazi kubwa. Kadi nzuri inamwambia kijana anataka nini, anamwogopa nani, na anajua nini kufikia asubuhi ya siku husika. Hilo la mwisho ndilo roho ya zoezi zima. Kadi ya Anatoly Dobrynin, balozi wa Umoja wa Kisovieti mjini Washington, ndiyo fupi kuliko zote, kwa sababu Moscow haikumwambia kwamba makombora ya nyuklia yanapelekwa Cuba. Kwa hiyo kijana aliyepewa nafasi hiyo anasimama mbele ya Wamarekani na kuapa kwamba hakuna silaha za aina hiyo kisiwani. Anaapa kwa dhati. Anakasirika asipoaminiwa. Kisha inafika jioni ya tarehe 22 Oktoba, Kennedy anahutubia taifa, picha za ndege ya upelelezi ya U-2 zinawekwa mezani, na balozi wetu anageuka kuwatazama wenzake wa ujumbe wa Moscow. Mara nyingi neno la kwanza ni, "Mlijua?" Walijua. Waziri wa mambo ya nje, Gromyko, alikuwa amekaa na Kennedy tarehe 18, akazungumzia silaha za kujihami tu, na yeye alijua vizuri. Hapo kijana amepata jambo ambalo maelezo yangu yasingempa: kwamba serikali inaweza kumfanya mtu mwaminifu aseme uongo.

Jambo jingine ni mawasiliano. Vijana hawa wamezoea ujumbe kufika kabla hujaweka simu chini. Mimi nasisitiza simu zikusanywe, na barua yoyote kati ya chumba cha Washington na chumba cha Moscow ipitie kwa mwezeshaji, ikae kwake nusu saa au zaidi kabla ya kufikishwa. Wanalalamika sana. Lakini barua ya Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, ya tarehe 26 Oktoba ilichukua karibu nusu siku kutoka Moscow hadi kusomeka yote Washington, maana ilibidi itafsiriwe, ifumbwe, ipigwe kwa telegrafu, ifumbuliwe. Dobrynin alisimulia baadaye kwamba telegramu zake za siri zilichukuliwa ubalozini na tarishi wa kampuni ya telegrafu aliyekuja kwa baiskeli. Amani ya dunia ilikuwa juu ya baiskeli, na hapo sitii chumvi. Ndiyo maana mwaka uliofuata, 1963, nchi hizo mbili zilikubaliana kuweka njia ya moja kwa moja ya mawasiliano. Mwulize kijana aliyesubiri barua nusu saa huku majenerali wakimpigia kelele ashambulie. Atakueleza umuhimu wa njia hiyo bila kukariri.

Siku ngumu kuliko zote ni tarehe 27. Barua ya kwanza ilikuwa imesema: ahidini hamtaivamia Cuba, nasi tutaondoa makombora. Asubuhi hiyo inatangazwa ya pili, kali zaidi, inayodai Marekani nayo iondoe makombora yake ya Jupiter yaliyoko Uturuki. Kabla hawajaimaliza, naingiza karatasi: U-2 imetunguliwa juu ya Cuba, rubani wake, Meja Rudolf Anderson, amefariki. Baadaye karatasi nyingine: U-2 nyingine imepotea njia na kuingia anga la Kisovieti. Hapa usiseme neno, kaa pembeni uandike. Vikundi vingi hutumia muda mrefu kubishana ni nani aliyeandika barua ya pili. Wapo wanaoshuku Khrushchev amepinduliwa. Washauri halisi wa Kennedy nao walijiuliza kama wenye msimamo mkali Moscow wamemzidi nguvu. Vijana hawakuambiwa hilo. Wamelifikia wenyewe kwa sababu wamewekwa gizani mahali palepale.

Msiwasahau waliosukumwa kando. Kijana anayemwakilisha Castro, kiongozi wa Cuba, huanza kwa furaha, anadhani yeye ndiye nyota wa mchezo. Kufikia tarehe 28 anagundua kwamba wakubwa wamekwisha kupatana kuhusu ardhi yake bila kumwuliza. Yule wa Uturuki ndiye hajui kabisa, kwa kuwa ahadi ya kuondoa Jupiter ilitolewa kwa siri, Robert Kennedy, ndugu wa rais, akimwambia Dobrynin ana kwa ana. Nimewahi kusikia wawezeshaji wakiomba nafasi hizo zifutwe kwa kuwa "hazina kazi". Nawaomba msizifute. Kutokuwa na kazi ndiko kunakofundishwa pale, na kijana akikasirika, hasira yake ni ufahamu mkubwa zaidi wa siasa za kimataifa kuliko insha ya kurasa tano. Mpeni tu nafasi ya kuitoa: Castro halisi alitangaza masharti yake matano na akakataa ukaguzi kwenye ardhi ya Cuba. Kijana naye aachwe akatae.

Mchezo ukiisha, hapo ndipo somo linapoanza, na hapa programu nyingi huharibu. Wanapiga makofi, wanapiga picha, wanaondoka. Jamani! Siku mbili za igizo zinadai walau siku moja ya mjadala. Ndipo unafungua yale yaliyokuwa yamefichwa. Wamarekani walidhani kuna askari wa Kisovieti kama 10,000 Cuba. Walikuwepo karibu 42,000. Kulikuwa pia na silaha ndogo za nyuklia za uwanja wa vita, tayari kisiwani, na McNamara, aliyekuwa waziri wa ulinzi, alikuja kuambiwa habari zake mwaka 1992 kwenye mkutano uliofanyika Havana, miaka 30 baadaye. Meli za kivita za Marekani ziliirushia nyambizi ya B-59 mabomu ya kuionya ipande juu, zisijue kwamba ina torpedo ya nyuklia. Yule kijana aliyepiga kura ya kushambulia kwa ndege siku ya pili, akijiona amefanya hesabu nzuri, acha ayasome haya mwenyewe. Usimwambie amekosea. Kwa aliyoyajua, pengine hesabu yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo la kutisha.

Naulizwa sana: je, wakimaliza kwa vita ambayo haikutokea? Waache wamalize. Mkiwasukuma wafike palepale historia ilipofika, mnaandaa tamthilia, na vijana wananusa upesi kwamba uamuzi wao haukuwa na uzito. Tofauti kati ya mwisho wao na mwisho halisi ndiyo mali ya mjadala. Nani alibadili mkondo? Kennedy wao alikubali shambulio siku ya kwanza kwa sababu gani? Katika kumbukumbu halisi, wazo la shambulio la anga lilikuwa na nguvu siku hiyo ya kwanza, na siku zile chache za kukaa kimya kabla ya kutangaza hadharani ndizo zilizolipa wazo la karantini, yaani kuizingira Cuba kwa meli za kivita, muda wa kukomaa. Kumbe tofauti ilikuwa muda. Kijana anaweza kuliona hilo akilinganisha tu ratiba mbili.

Kuna kosa la upande wa pili, la wema. Chukueni Mkutano wa Amani wa Paris wa mwaka 1919. Japani ilipendekeza usawa wa mataifa bila kujali rangi uandikwe kwenye mkataba wa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili, kura 11 kati ya 17 ziliunga mkono. Wilson, rais wa Marekani aliyekuwa mwenyekiti, akaamua kwamba pendekezo halikupita kwa kuwa halikukubaliwa na wote. Wapeni vijana wa leo igizo hili bila kadi nzuri, watalipitisha kwa dakika kumi na kukumbatiana. Hawajajifunza kitu. Wamejiigiza wao wenyewe. Lazima Mwingereza awe na Australia, isiyolitaka pendekezo hilo, inayomvuta koti, Wilson awe na maseneta wa kusini mwa nchi yake ambao kura zao atazihitaji, na Mjapani awe na dai jingine, la Shandong, jimbo la China, analoweza kulipata akinyamaza kidogo. Na China iwe chumbani ikiona Shandong inatolewa, hadi ikatae kutia saini tarehe 28 Juni. Nje ya mlango pawepo na kijana mwenye ombi la watu wa Vietnam, aliyejiita Nguyen Ai Quoc na ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Ho Chi Minh. Ombi lake halikutimizwa. Mwenye nafasi hiyo aruhusiwe kuzunguka korido siku nzima akitafuta mtu wa kumsikiliza.

Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, wa mataifa makubwa kuijadili Afrika, nao unaombwa mara kwa mara: nchi 14 mezani, Mwafrika hata mmoja hayumo. Unafaa, kwa sharti kwamba lengo liwe kuelewa walioketi walikuwa wakiogopana nini, na kwamba jioni ileile vijana wasome kilichotokea kwenye ardhi zilizokuwa zikijadiliwa.

Lakini yapo ya kutoigizwa, na hapa sina mjadala. Usimweke kijana katika nafasi ya mtumwa mnadani, wala ya mfungwa wa kambi ya mauaji, wala ya mlinzi wake. Jumba la Makumbusho ya Holokosti la Marekani linawashauri walimu waziwazi waepuke maigizo ya aina hiyo, kwa kuwa yanayageuza mateso kuwa mchezo na kumdanganya mtoto kwamba sasa anajua walivyohisi. Meza ya mazungumzo inaigizika. Mateso hayaigiziki, yanasomwa kwa ushuhuda wa walioyapitia.

Nigusie kidogo Baraza la Umoja wa Mataifa la mfano, ambamo vijana hushika nafasi za wajumbe wa nchi, kwa kuwa wengi wenu mnaliendesha. Linafundisha kusema mbele ya watu na kuandika maazimio, na ni kazi nzuri. Ila linampendelea mwenye ulimi mwepesi, na suala lake kwa kawaida ni la leo. Katika igizo la historia mpeni mtoto mkimya nafasi ya mchambuzi wa picha au mfasiri wa barua. Mara ataona kwamba chumba kizima kinamngoja yeye.

La mwisho ni kutoka kwenye dhima. Vijana wa miaka 15 husalitiana ndani ya mchezo na kununiana wakati wa chakula. Kabla ya mjadala kila mmoja arudishe kadi, ajitambulishe kwa jina lake halisi, na asimulie uamuzi alioufanya mhusika wake kwa nafsi ya tatu: "Dobrynin alisema," si "nilisema". Kisha waliogombana wapewe nafasi za wapinzani wao kwa saa moja, warudie kikao kimoja tu. Kazi ya kuandika ije baada ya hapo, na iandikwe na kijana mwenyewe, siyo balozi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye maswali juu ya namna ya kuandika kadi, nimekuja na ile ya Dobrynin na ya Uturuki. Sogeeni mezani tuzitazame pamoja.