Ubavu Mmoja si Beluga Mmoja

Ndugu wasikilizaji, waliowahi kufuata pomboo wa Kizimkazi wanajua kwamba pengo kwenye pezi la mgongoni, linalomtambulisha kila mnyama pichani, husomeka kulia na kushoto. Beluga, nyangumi mweupe wa bahari za kaskazini, hana pezi hilo. Ana tuta gumu tu, na alama zake nyingi ni makovu ya ubavuni. Kovu la kulia halionekani kushoto.

Mtego uko hapo. Kule kwenye ghuba ya Cook Inlet, Alaska, picha zimekuwa zikikusanywa tangu 2005, na kila ubavu una katalogi yake, yaani orodha ya picha za wanyama waliotambuliwa. Beluga mmoja anaweza kukaa humo miaka mingi akionekana kama wawili, mpaka apigwe picha pande zote mbili au aonekane na kovu linalovuka tuta. Msijumlishe katalogi hizo mkadhani mmepata idadi!

Maji ya Cook Inlet yana tope laini linaloletwa na mito ya barafu, kilichozama hakionekani. Mgongo hutoka sekunde chache tu. Kwa hiyo tumia lenzi ndefu, kasi ya shata ya sekunde 1/1000 au ya haraka zaidi, na piga mfululizo kichwa kinapoibuka hadi mgongo unapozama, kwa sababu kila picha hunasa kipande tu cha ubavu. Wakati wa kulinganisha, kipande hupambanishwa na kipande kilekile. Punguza mwanga kwenye kamera: ngozi nyeupe ikizidiwa na mwanga wa jua, makovu hupotea pichani. Rangi isiwe kitambulisho, maana ndama huzaliwa wa kijivu na huwa weupe baada ya miaka. Mikwaruzo ya juujuu nayo hufifia. Tegemea makovu yaliyochimba.

Kati ya 1999 na 2002 baadhi yao walifungwa vifaa vya kuwafuatilia kwa setilaiti kwa pini zilizopenya tuta. Kifaa hutuma mawimbi antena ikiwa juu ya maji tu, na siku moja hudondoka. Makovu ya pini yalibaki, na wapiga picha wa baadaye wakawatambua wanyama haohao kwayo.

Picha hafifu huondolewa kabla ya kulinganisha, hata kama kovu lake linavutia. Mkishindwa kumtambua aliyekwisha kuandikwa, anaingia upya na makadirio ya idadi yanapanda. Mkiwachanganya wawili yanashuka, na kosa hili ni gumu zaidi kuligundua, kwani historia zao zimeshaungana katika kumbukumbu moja.