Wakanda bila mfalme: filamu ya pili ikitazamwa kutoka Lubumbashi

Mabibi na mabwana, baba na mama zetu mlioketi mbele, nanyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti,

Nimeombwa nieleze uzuri na upungufu wa Black Panther: Wakanda Forever, filamu ya njozi kuhusu Wakanda, nchi ya Kiafrika ya kubuniwa, iliyotoka Novemba 2022, nami nitaanza na jambo ambalo mwongozaji wake, Ryan Coogler, hakulichagua. Tarehe 28 Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme T'Challa katika filamu ya kwanza ya mwaka 2018, alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na umri wa miaka 43. Wapo watazamaji waliotaka atafutwe mwigizaji mwingine wa kulivaa vazi la mfalme huyo. Watengenezaji walikataa, wakaamua kwamba mfalme afe ndani ya hadithi pia, na kutokana na uamuzi huo ndipo filamu ilipata nguvu yake kubwa.

Tazameni inavyofunguka. Mgonjwa hatumwoni kabisa. Tunamwona dada yake, Shuri, akihangaika na mashine zake kutafuta dawa, hadi mama yao anapoingia na kumwambia kwamba imekwisha. Baada yake ni mazishi, watu wote wamevaa nyeupe, ngoma zinapigwa na wanaocheza wanacheza kwelikweli. Sisi ambao vilio vyetu havitenganishi wimbo na machozi hatukuhitaji kuelezwa chochote. Kisha jina la kampuni ya Marvel linapita juu ya picha za marehemu bila muziki hata kidogo, na kimya hicho, katika filamu ya aina hii inayozoea kelele, kina uzito kuliko hotuba.

Angela Bassett, anayeigiza malkia Ramonda, ndiye anayeibeba nusu ya kwanza. Anapomvua Okoye, mkuu wa walinzi wake, cheo chake mbele ya baraza, tunamsikia mama aliyezika mume na mwana na ambaye sasa amepotelewa na binti, na hasira yake inaonea kidogo, kama hasira ya mfiwa inavyoonea. Shuri naye, aliyeigizwa na Letitia Wright, anakataa kuichoma nguo yake ya msiba kama mama yake anavyomshauri, kwa sababu anaamini sayansi na haamini kwamba wafu wanasikia. Nguo hiyo moja inashikilia hadithi nzima vizuri kuliko vita vyote vinavyofuata. Kuhusu mavazi kwa jumla sitakawia: Ruth E. Carter alishinda kwayo Oscar yake ya pili, naye aliistahili.

Sasa nije kwenye madini, maana ndipo ugomvi wangu na filamu hii ulipo.

Mapema tunaonyeshwa mkutano wa kimataifa huko Geneva, ambapo wajumbe wa nchi kubwa wanamlaumu malkia kwamba Wakanda inawanyima wengine vibranium, madini ya kubuniwa yanayoipa nchi hiyo nguvu, wakati huohuo askari waliotumwa kuiba madini hayo nchini Mali wamekwisha kukamatwa, na wanaletwa ukumbini wakiwa wamepigishwa magoti. Mkazi wa Lubumbashi anaielewa picha hiyo kabla haijatafsiriwa. Mji huu ulizaliwa na shaba. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi, iliundwa mwaka 1906, na mji wenyewe ulifuata mwaka 1910. Urani ya mgodi wetu wa Shinkolobwe ilisafirishwa Marekani kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945, na leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika ardhi yetu ya Kongo. Kwa hiyo nilikaa sawasawa kitini, nikasema moyoni: hapa sasa tutaambiana.

Hatukuambiana. Filamu inamleta Namor, mtawala wa Talokan chini ya bahari, ambaye mababu zake wa Kimaya waliwakimbia Wahispania na ndui huko Yucatán katika karne ya 16. Watu wake nao wana vibranium, nao wanawindwa. Tenoch Huerta anamwigiza kwa utulivu unaotisha, na ombi lake la ushirikiano lina mantiki kamili. Lakini kutokana na mwanafunzi mmoja aliyebuni mashine ya kutafuta madini hayo, na mlinzi mmoja wa Talokan aliyeuawa, mataifa mawili yaliyodhulumiwa yanaangamizana, Ramonda anakufa maji, na wakubwa wanaoyatamani madini hayo wanabaki katika ofisi zao wakitaniana. Maafisa wa Kimarekani wamepewa dakika nyingi mno katika filamu ya dakika 161, na hakuna hata mmoja anayelipa.

Mtu anaweza kunijibu kwamba ndivyo mambo yalivyo, kwamba wenye nguvu huwagombanisha wanyonge. Nakubali, lakini basi tuonyeshwe mkono unaogombanisha. Waandishi wanaujua: mwishoni Namor anamweleza ndugu yake kwamba walimwengu wa nchi kavu watakuja kuivamia Wakanda, na ndipo itakapowahitaji. Yaani swali lenyewe limewekwa akiba kwa ajili ya tiketi ya filamu ijayo.

Vita vya mwisho baharini havikunigusa; miili inarukaruka kwenye meli, na picha za kompyuta zinaonekana kuwa za kompyuta. Talokan yenyewe imetiwa giza sana. Nilipoirudia nyumbani kwenye televisheni, mpwa wangu aliuliza kama umeme ulikuwa umepungua.

Hata hivyo kuna onyesho moja ambalo ningelitetea popote. Shuri anakunywa dawa ya mizimu akitumaini kumwona mama yake, na anayemngoja kule ni Killmonger, adui wa filamu ya kwanza, ameketi juu ya kiti cha enzi, akimuuliza kama atalipiza kisasi au atakuwa mwungwana kama kaka yake. Hakuna kombora wala ndege; watu wawili wanazungumza, na binti anatambua kwa hofu kwamba wanafanana.

Ndiyo maana anapoichoma ile nguo hatimaye, ufukweni Haiti, moto unaeleweka. Mtoto anayeletwa baada ya hapo, mwana wa siri wa mfalme aitwaye Toussaint, sikumfurahia, kwa kuwa nilikuwa bado namlilia baba yake. Karibuni kwa maswali, tuanze na mama aliyeinua mkono.