Mwamba Huku, Pagumu Kule: Msemo wa Wachimba Shaba

Wafasiri wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Kuna msemo wa Kiingereza unaotusumbua sote katika kazi yetu: "between a rock and a hard place". Neno kwa neno, ni kuwa kati ya mwamba na mahali pagumu. Wengi wetu tumezoea kuuandika "njia panda". Mimi tafsiri hiyo siiridhii. Aliyefika njia panda njia anazo, kilichobaki ni kuchagua. Huyu wa kwenye msemo kabanwa.

Jarida la Dialect Notes, la wataalamu wa lahaja za Marekani, liliunakili msemo huu mwaka 1921. Humo hamna habari ya kuchagua kati ya mabaya mawili. Maana iliyoandikwa ni kufilisika, basi. Wakaongeza kwamba ulisikika sana Arizona katika mitikisiko ya fedha ya miaka ya karibuni, na California kwa nadra.

Sasa Arizona ni nchi ya shaba. Na mtikisiko mkubwa wa Oktoba 1907 ulianzia kwenye shaba hiyohiyo: huko New York, ndugu wa ukoo wa Heinze walijaribu kuhodhi hisa za kampuni ya United Copper, wakashindwa, na watu wakakimbilia benki kutoa akiba zao.

Wako wanaosema msemo ulizaliwa Bisbee, mji wa migodi ya shaba huko Arizona, karibu na mpaka wa Mexico. Mwishoni mwa Juni 1917 wachimbaji wa pale waligoma. Walidai watu wawili kwa kila mashine ya kutoboa mwamba, baruti isilipuliwe watu wakiwa kazini chini, na ujira usiopanda na kushuka na bei ya shaba. Je, hayo ni madai makubwa? Alfajiri ya tarehe 12 Julai, sherifu Harry Wheeler na watu wake wapatao 2,000, wenye silaha na vitambaa vyeupe mikononi, waliwatoa watu majumbani, wakawaswaga hadi uwanja wa besiboli wa Warren. Pale wakaambiwa: acha mgomo urudi kazini, au panda treni. Zaidi ya 1,100 walipakiwa kwenye mabehewa 23 ya kubebea ng'ombe, wakapitishwa jangwani kwa saa 16, wakatelekezwa Hermanas, jimbo la New Mexico. Tume ya Rais Wilson ilitamka kwamba kitendo kile hakikuwa na msingi wowote wa sheria. Hata mtu mmoja hakutiwa hatiani.

Ukiisikia habari hii unatamani msemo uwe umezaliwa palepale uwanjani, mwamba ukiwa mgodini na pagumu pakiwa jangwani. Hata mimi natamani. Lakini maandishi ya 1921 hayaitaji Bisbee wala mgomo. Yanataja ukata. Kwa hiyo nasimama na ukata, na maana ya kubanwa kati ya mawili naiona imekuja baadaye.

Basi ukiukuta msemo huu kinywani mwa mtu wa Arizona wa zama zile, usiogope kuandika "nimechacha", au "maji yamenifika shingoni". Ukiukuta kwa waziri wa leo ambaye akikubali anaumia na akikataa anaumia, andika kwamba kabanwa huku na huku.

Karibuni kwa maswali.