Kiuno Kilichobaki Newala

Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na ustawi wa jamii, Mtwara

Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Na nyie wanangu, hamjambo?

Nimeitwa niizungumzie kazi yangu, tiba ya ngoma na mwendo wa mwili. Huku kwetu ukitaja tiba ya ngoma, wengi wanafikiri unapunga mashetani. Siwalaumu. Wanaopunga walitutangulia kujua kwamba mwili huweka mambo ambayo mdomo haujapata kuyasema. Hii yangu ni taaluma ya hospitali. Marian Chace, mcheza dansi, aliingia nayo mwaka 1942 katika St. Elizabeths, hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Washington. Mgonjwa aliyenyamaza na kujikunja, Chace hakumsumbua kwa maswali. Alitazama anavyoyumba, naye akayumba vivyo hivyo, mpaka mwenzake akahisi kuna mtu amemsikia. Mwaka 1966 wataalamu wa tiba hii wakaunda chama chao Marekani, yeye akawa rais wa kwanza.

Lakini leo nataka kumsema tabibu mwenyewe anapokuwa mgeni, maana kazi hii imejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliohama. Irmgard Bartenieff alicheza dansi Ujerumani. Mumewe alikuwa Myahudi, na Wanazi walipowabana wakakimbilia Marekani mwaka 1936. Alikofika ikambidi aanze upya: akasomea fiziotherapia, akawahudumia wagonjwa wa polio New York. Mwalimu wake, Rudolf Laban, naye alikimbilia Uingereza, na wakati wa vita akawa anawachunguza wafanyakazi viwandani, nani anatumia nguvu mahali panapotaka wepesi. Kila nikimsoma nawaona mama zetu wanaobangua korosho. Vidole vinaishika mbegu, bega limetulia, pigo moja fupi, ganda linapasuka na punje inatoka nzima. Laban angekaa pale kutwa.

Mimi nilisoma na kufanya kazi Uingereza miaka sita. Baridi, upweke, jina kutamkwa vibaya, hayo kila aliyehama anayajua, nayapita. Langu lilikuwa mwili. Nimekulia Newala, Sindimba, ngoma yetu Wamakonde, nimeijifunza nikiwa nyuma ya bibi yangu, nikifuata visigino vyake. Kwetu kiuno kinasalimia, kinajibu, na kikitaka kinakataa. Kule wodini nikaambiwa kiuno kikae kimya, kinaweza kueleweka vibaya. Na macho: mbele ya mzee nayainamisha, ndivyo nilivyolelewa. Msimamizi wangu akaandika kwenye tathmini kwamba nawakwepa wagonjwa na sijiamini. Karatasi ile niliishika mapajani ndani ya basi mpaka nikapitiliza kituo. Adabu niliyofunzwa tangu utotoni ilikuwa imeandikwa pale kama upungufu, na mpaka leo inaniuma.

Nikajikaza. Nikajifunza kumkazia mtu macho, kufunga nyonga, kucheza kuanzia kifuani kwenda juu. Mgongo ukaanza kuuma, na nilikuwa mimi ndiye natibu watu.

Palikuwa na mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau, mhamiaji kutoka Karibiani. Alikuwa akigonga sinia la chakula kwa kijiko, na kwenye faili lake wameandika kwamba ana fujo. Mimi nikasikia mapigo matatu, kisha pumziko. Matatu, pumziko. Siku hiyo sikumwomba mtu ruhusa. Nilikunja magoti, nikaliacha pumziko lile likajibiwa na kiuno. Mzee akainua kidevu. Hakutamka neno, ila aliongeza pigo la nne, kama mpiga ngoma anavyofanya akiona mchezaji ameshaingia uwanjani.

Wanangu, vipimo vya mwendo wa mwili si kama kipimo cha sukari. Kila jedwali lina kwao, na aliyeliandika alikuwa na bibi yake. Usipojua hilo utamwandikia mtu ugonjwa kwa sababu ya heshima yake.

Nalisema hapa Mtwara kwa sababu nasi tuna wageni. Tangu 2017 mapigano ya Cabo Delgado, kule Msumbiji, yamekuwa yakiwavusha watu mto Ruvuma kuja upande wetu. Miongoni mwao wamo Wamakonde wenzetu, na babu zetu wengine waliuvuka mto huohuo. Kwa hiyo tunajiona tunawajua. Nami niliingia na kosa hilohilo. Niliporudi nilikaa na mama mmoja aliyekuwa amevuka na wajukuu wawili, nikamletea ngoma, nikidhani namletea kwao. Pigo la kwanza tu aliwavuta watoto chini ya kanga yake na kulala kifudifudi. Kwake mlio ule ulikuwa bunduki.

Ngoma nikaiondoa. Wiki tatu tukawa tunatembea tu mchangani, miguu mitupu, yeye mbele, mimi nyuma, kama nilivyomfuata bibi. Siku moja akasimama, akageuka, akaniuliza: "Dada, nyie kwenu mnaanza kwa mguu gani?"

Miaka sita ugenini hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwonyesha. Akautazama mguu wangu kwa makini, akacheka kidogo, akanionyesha wa kwao.